Naomba ushauri: bakshishi kwa vijana wa ndege za kukodi Terminal 1

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya ndege za kukodi. Bosi wangu siku hizi anakodi Caravan (ile ndege ndogo) kwenda Seronera kule Serengeti na wageni wake, mimi ndo napanga kila kitu mpaka mabegi, tunaondokea Terminal 1 pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar. Sasa ishu ni wale vijana wa chini, wanaobeba mizigo, wanaojaza mafuta, na dereva anayetupeleka hadi kwenye ndege. Wageni wa Marekani wanatoa dola kama njugu, wengine 20 kwa kijana mmoja, wale wa Ulaya hawatoi kitu wanasema ishalipiwa kwenye bili, halafu mimi ndo naangaliwa usoni!

Nimpe kila mtu mkononi au nimwachie supavaiza agawe (kusema kweli huyo simwamini sana)? Elfu 10 kwa mtu inatosha au ntamwaibisha bosi? Na wa mafuta naye anapewa, maana yule anahudumia ndege, siyo abiria? Wa ukaguzi wa mizigo hao siwagusi kabisa, isije ikaonekana rushwa bure. Rubani je, au ndo kumdharau?