Naomba mwongozo wa kutazama Dark bila kupotea njiani

Kivuli_cha_Mnazi: Wakuu, habari zenu. Nimeanza Dark, ile tamthilia ya Kijerumani ya Netflix, na nimesimama sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza. Majina yananichanganya, sijui nani mtoto wa nani. Sauti ya Kiingereza inasema hiki, maandishi ya chini yanasema kingine. Na picha ni giza tupu, pale pangoni sioni kitu kwenye TV. Naomba msaada, ila tafadhali msinifichulie yajayo.

Fundi_Saa: Mkuu, umesimama mahali penyewe. Sehemu ya tatu inakupeleka 1986, na ukiishika hiyo umeishika tamthilia nzima. Irudie kabla ya kwenda ya nne.

Chukua karatasi ya A4, ilaze, ugawe safu nne kwenda chini, moja kwa kila familia ya mji wa Winden. Kwa mwaka 2019, ambao tamthilia inaanzia, jaza hivi. Kahnwald: Ines ambaye ni bibi, Michael, mkewe Hannah, na mtoto wao Jonas. Nielsen: Tronte na Jana, mtoto wao Ulrich na mkewe Katharina, halafu wajukuu Magnus, Martha na Mikkel. Doppler: mzee Helge, mwanawe Peter na mkewe Charlotte, mabinti Franziska na Elisabeth. Tiedemann: Regina, mumewe Aleksander, mtoto wao Bartosz. Sasa rudi 1986 uongeze Claudia, mama yake Regina, na Egon yule askari, baba yake Claudia.

Tumia penseli. Juu na chini ya jedwali acha nafasi ya kutosha, utaihitaji. Wengi huandika kwa kalamu ya wino na kubana mistari, wakifika msimu wa pili karatasi haifai tena.

Kuwatambua watu wanapobadilika umri, shika alama ya mwili kuliko sura. Helge ana kovu sikioni. Claudia ana macho ya rangi mbili tofauti. Elisabeth ni kiziwi, anaongea kwa ishara. Na ile sehemu ya tatu yenyewe inakusaidia: kuna mahali skrini inagawanywa, uso wa mtu wa 1986 unawekwa kando ya uso wake wa 2019. Simamisha hapo, nakili jina kwa jina.

Mama_Pwani: Jedwali la nini? Ni tamthilia, si mtihani. Tazama tu, mwishoni utaelewa.

Fundi_Saa: Dada, kwa tamthilia nyingi ningekubaliana nawe. Hii waandishi wake, Baran bo Odar na Jantje Friese, wameficha majibu ndani ya ukoo. Mtu akitajwa kwa jina tu mezani, sehemu tano baadaye jina hilo ndilo linalokushtua. Usipolikumbuka jina hushtuki, na hofu yote ya tamthilia inapotea hapo.

Sauti_ya_Chini: Kuhusu maandishi kutolingana na sauti, sababu ni kwamba kuna tafsiri mbili za Kiingereza. Yenye alama ya CC, yaani maandishi kwa wasiosikia, hufuata sauti iliyoingizwa studio kwa Kiingereza. Isiyo na CC imetafsiriwa kutoka Kijerumani. Ukichanganya, sauti ya Kiingereza na maandishi yasiyo na CC, lazima vipishane.

Weka sauti ya Kijerumani na maandishi ya Kiingereza yasiyo na CC. Sauti za kuingiza zinapunguza uzito. Waigizaji wa Dark wananong'ona sana, na kunong'ona kule ndiko kunakotisha. Kama utakutana na toleo la kutafsiriwa na DJ, liache: sauti yake inafunika mingurumo ya chinichini.

Kioo_Safi: Giza sasa. Kosa la kwanza la watu ni kupandisha Brightness. Kwenye TV nyingi hiyo inainua weusi, kwa hiyo pango linageuka kijivu na bado huoni kitu. Pandisha Backlight, yaani taa ya nyuma ya skrini. Kwenye TV nyingi za Sony majina ni tofauti: Brightness ndiyo taa, weusi ni Black Level.

Kabla ya hapo, zima mpango wa kuokoa umeme pamoja na kihisi cha mwanga wa chumba. Hivyo viwili hushusha taa kimyakimya kila chumba kikiwa na giza. Kwenye hali ya picha chagua Cinema au Movie, epuka Vivid, na zima ulainishaji wa mwendo (motion smoothing). Ukiona vigae vya mraba vinacheza kwenye kivuli, tatizo si TV, ni intaneti ndogo iliyoshusha ubora. Usiku, zima taa ya mbele ya kioo, washa ndogo nyuma ya TV.

Kivuli_cha_Mnazi: Asanteni sana, CC ndiyo ilikuwa inanitesa. Bando je? Natumia la simu. Na kijana wa miaka 12 anataka kukaa nami.

Bando_Fupi: Zipo sehemu 26: 10, kisha 8, kisha 8. Jumla kama saa 24. Kwenye programu ya simu, mpangilio wa Automatic unakula takriban GB 1 kwa saa 4, kwa hiyo GB 6 zinatosha zote. Ubora wa HD kwenye TV unaweza kufika GB 3 kwa saa, zidisha mwenyewe. Ukipata Wi-Fi mahali, pakua sehemu tatu tatu.

Zima pia uchezaji wa moja kwa moja wa sehemu inayofuata, uko kwenye mipangilio ya wasifu wako. Picha ndogo na maelezo ya sehemu zijazo yanafichua. Na usitafute jina la mhusika mtandaoni, hata herufi tatu tu; mapendekezo ya utafutaji yanamaliza kila kitu.

Sauti_ya_Chini: Kijana wa 12 hapana. Huko Marekani tamthilia hii imepewa alama ya TV-MA, ya watu wazima. Mapema kabisa mwanzoni kuna mtu anajinyonga, na baadaye kuna maiti za watoto zenye macho yaliyoungua. Subiri alale.