Mjadala: Kazi za stima Lamu apewe nani, mwenye leseni au kijana wa mtaa?

Mwenye nyumba, Mkomani

Assalaam aleikum watu wa Lamu. Wiki mbili zilizopita mamangu alipigwa shoti na friji. Alikuwa miguu mitupu, katoka kisimani, sakafu imelowa. Alipogusa mlango wa friji mkono ukafa ganzi mpaka begani. Alhamdulillahi hakuanguka.

Nilizima swichi kubwa, nikafungua soketi. Waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa usawa wa ukuta na haukufungwa popote. Nikatoka uani kutafuta athi rodi, chuma kinachozamishwa ardhini na kufungwa waya huo: hakuna. Na nyumba hii ina cheti cha kuwa waya zimepimwa na ziko salama, bila hicho tusingepewa mita. Aliyetandika waya ni kijana wa mtaa wa pili. Aliyetia sahihi ni mkandarasi ambaye mpaka leo sijamuona uso. Cheti kililetwa ndani ya bahasha, kimeshapigwa muhuri.

Barazani watu wamegawanyika. Wako wanaosema kaunti na wenye nyumba wasimpe kazi ya stima yeyote asiye na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi nchini. Wengine wanasema kazi za Lamu ziende kwa vijana wa Lamu kwanza, leseni itafuata. Mimi nasema leseni ni lazima, na Sheria ya Kawi ya 2019 imeshasema hivyo. Lakini leseni isiyoingia ndani ya nyumba haina maana. Anayetia sahihi awe ameingia, amefungua soketi na kupima kwa mkono wake. Nataka tukubaliane juu ya hilo kabla ya kupeleka barua kwa kaunti.

Fundi, Langoni

Pole sana kwa mama, Mungu amzidishie afya. Mimi ni mmoja wa hao vijana wa mtaa wa pili, ingawa si niliyefanya kwako. Nina miaka 14 katika kazi hii na cheti cha gredi ya pili cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Leseni sina.

Niwaambie jinsi athi inavyopotea. Mkandarasi ameshinda kazi kwa bei ya chini. Ananiletea waya kwa boti, roli zimehesabiwa, na mimi nalipwa kwa siku. Waya zikipungua nampigia simu, ananijibu malizia na zilizopo. Cha kwanza kuachwa ni athi, kwa sababu taa inawaka bila athi, feni inazunguka, friji inagandisha, na mwenye nyumba anashukuru. Mimi nilishawahi kukataa. Siku ya pili alikuja mwingine.

Sasa mnaniambia nikachukue leseni. Nivuke maji mpaka Mokowe bara, nipande basi mpaka Mombasa, nilale huko, nirudi, na siku zote hizo sina ujira. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni barua. Ukiomba leseni unatakiwa uonyeshe umefanya kazi chini ya mwenye leseni, na niliyemfanyia kazi miaka yote hataki kuniandikia. Nikipata yangu atakuwa amenipoteza, na atakuwa amepata mshindani.

Mwalimu mstaafu wa ufundi, Malindi

Mwanangu wa Langoni, nimekuelewa na nakuonea uchungu. Lakini tusije tukageuza uchungu wako kuwa ruhusa.

Wasiojua waya waelewe kilichompata yule mama. Umeme ukivuja ndani ya friji hukaa kwenye bati la nje. Kukiwa na athi, unashuka ardhini na swichi inakata. Pasipo athi hauna njia, unabaki pale ukimngoja mtu. Miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji ndiyo njia yenyewe. Breka ya kawaida haitakata, kwa sababu hiyo imewekwa kulinda waya usiungue, na mvujo wa kuua mtu kwa breka ni kitu kidogo mno. Kuna kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampia 30 tu, mafundi wanakiita RCD. Nyumba nyingi ninazozijua hapa Malindi hazina, na tuna hoteli za makuti ambazo cheche moja inatosha kuziteketeza.

Ndiyo maana leseni zina madaraja. C2 ni ya umeme wa fezi moja, ule wa nyumba za kawaida, C1 inakuruhusu fezi tatu, wa mitambo mikubwa, na unapanda mpaka A1. Sola ina leseni zake mbali, T1 hadi T3, tangu kanuni za 2012. Fundi hodari wa waya za nyumba si lazima ajue paneli na betri, na nimeona wanaozichanganya. Miaka 14 ya kukosea namna moja si uzoefu, mwanangu. Sisemi ni wewe. Nasema hatuna njia ya kujua mpaka upimwe.

Mzee, Mtamwini

Stima ilikuwako mji huu zama za jenereta za dizeli, kabla laini ya gridi haijafika. Waliotutandikia waya hawakuwa na karatasi za mtu, na nyumba zimesimama. Haya ya leseni ni ya kunyang'anya watoto wetu riziki wapewe wageni.

Mwenye nyumba, Mkomani

Shikamoo mzee wangu. Zama hizo nyumba ilikuwa na taa tatu na feni. Leo nyumba ileile ina friji mbili, pampu ya kisima, pasi, na ghorofani kuna viyoyozi vya wageni, vyote juu ya waya za wakati ule. Chumvi ya bahari imekula viungo. Boriti zetu ni mikoko mikavu ya miaka na miaka, na vichochoro hivi punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Moto ukianza Mkomani gari la zimamoto litapita wapi? Riziki ya watoto wetu naitaka kama unavyoitaka, mzee wangu. Lakini mama yangu nusura afe.

Mkandarasi mwanamke, Lamu

Mimi ni mzaliwa wa hapa na leseni ninayo, C2. Kwa hiyo asitokee mtu akasema Lamu haina wenye leseni. Tupo, na majina yetu yako kwenye orodha ya EPRA ambayo yeyote anaweza kuifungua kwa simu kabla hajamlipa mtu shilingi moja.

Tatizo liko kwenye BQ, ile orodha ya kazi na vifaa ambayo mkandarasi huijaza bei, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka angalau asilimia 20 ya zabuni za kaunti ziende kwa wakaazi, na asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mlango upo. Lakini chukua BQ ya zahanati au darasa, utakuta mstari mmoja: kutandika waya, jumla. Mimi nikipiga hesabu naweka athi rodi, RCD, paipu nzito kwa sababu ukuta wa matumbawe hautinduliwi ovyo, na siku nzima ya kupima. Mwenzangu haweki hata kimoja. Bei yake iko chini, anachukua kazi, na kwenye makaratasi sote tumeahidi kitu kimoja. Ikiwa athi, RCD na vipimo vingekuwa na mstari wake na bei yake, anayeiba angeonekana.

Kwa hiyo barua yenu ikisema leseni tu, mtakuwa mmemsaidia yule yule mwenye muhuri wa bahasha. Leseni anayo!

Fundi, Langoni

Dada kasema kweli ambayo mimi sikuwa na maneno yake. Mwalimu, nakubali kupimwa, hata kesho. Ila mtahini avuke maji aje Lamu mara moja kwa mwaka. Tuko wengi, Faza na Kizingitini kule kisiwa cha Pate wako zaidi, na wao Mombasa ni mbali kuliko sisi.

Mkandarasi mwanamke, Lamu

Kaka, njoo ufanye kazi kwangu mwaka mmoja. Nitakuwa nyumbani kila tunapofunga ubao wa swichi, na ikiisha barua nakuandikia. Ujira wangu hautafika wa huyo mkandarasi wako, sitakudanganya.

Mwenye nyumba, Mkomani

Nimeiandika upya barua. Kifungu cha kwanza: kwa kila jengo la kaunti, mwenye leseni atie sahihi mbele ya msimamizi wa jengo, na aandike vipimo vya kila soketi. Cha pili: athi, RCD na upimaji viwe na mistari yao kwenye BQ. Cha tatu: EPRA iombwe kuleta mtihani Lamu. Mzee wa Mtamwini, nimeongeza cha nne kwa ajili yako: anayeshinda zabuni aandike majina ya vijana anaowatumia na awape barua kazi ikiisha, asipofanya hivyo malipo ya mwisho yazuiwe.

Kilichobaki ni nyumba zetu wenyewe, ambazo kaunti haiwezi kutuamulia nani tumwite. Hapo nani ana wazo?

Fundi, Langoni

Ami, kwanza chomoa friji. Nakuja Jumamosi baada ya alasiri na dada wa C2, tuanze na rodi uani.