Ndoa ya makubaliano enzi za Regency, kweli walikuwa wanaachana baada ya mwaka?

msoma_usiku: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Naandika kariwaya ka mapenzi, Uingereza 1814, ndo Regency yenyewe, kipindi kile mwana wa mfalme ndo anashika nchi maana baba yake akili ishamtoka. Binti ana miaka 24, baba kafa, nyumba na mashamba yote kachukua binamu wa kiume ndo urithi ulivyofungwa, yeye kabaki na mama na deni la duka la vitambaa. Kuna lodi (bwana mkubwa mwenye cheo) nae hela za bibi yake hapewi mpaka aoe. Basi wanapatana, ndoa inafungwa, kila mtu chumba chake, mwaka ukiisha wanaenda kuibatilisha kisa hawajawahi kulala pamoja, kila mtu anashika hamsini zake. Hii stori nimeisoma mara kibao ila dada angu anayesoma sheria kaniambia uongo mtupu. Eti kweli?

babu_wa_shelfu: Dada ako yuko sahihi. Kutolala pamoja tu haikuwa sababu, kukataa unyumba kumekuja kuwa sababu kule mwaka 1937. Mahakama ya kanisa ilichosikiliza ni KUTOWEZA, yaani jogoo hapandi mtungi, na kwa kawaida walitaka muwe mmeishi pamoja miaka 3, alafu binti anakaguliwa na wakunga. Sasa huyo lodi wako na majivuno yake atakubali London nzima ijue? Na talaka ya kukuruhusu kuoa tena ilikuwa mpaka Bunge litunge sheria kwa ajili yako wewe peke yako. Huyo huyo mwana wa mfalme alimuoa Caroline 1795 ili alipiwe madeni, walipoonana tu mara ya kwanza akaomba brandi, 1820 kashakuwa mfalme anataka kumuacha, mswada wa talaka ukapita kwenye Bunge la malodi kwa tofauti ya kura 9 tu, wakaona bora wauondoe. Mfalme kashindwa, sembuse wako!

mama_wa_tatu: Mie nina la hela. Huku kwetu mwanaume ndo anatoa mahari, kule upande wa binti ndo unaotoa, na akishaolewa chake chote ni cha mume isipokuwa kilichofungiwa kwenye mkataba kabla ya harusi. Wako hana kitu, so hiyo sehemu ya kwa wakili usiiruke mdogo wangu. Wamekaa, karatasi mezani, atapewa kiasi gani kwa mwaka ya matumizi yake, mume akifa ataishi na nini. Binti anasoma mstari kwa mstari, anachukua kalamu anakata ile 200 anaandika 300, lodi ndo anamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Penzi lianzie hapo, madansi tumeyachoka.

kalamu_butu: Dawa ipo. Mtoe 24 mpe 20. Kwa sheria ya ndoa ya 1753 aliye chini ya 21 akifunga kwa leseni (kibali cha kanisa cha kuoana bila kutangazwa) bila ruhusa ya baba au mlezi, ndoa ni batili, haipo kabisa (ya kutangazwa kanisani Jumapili 3 ni ngoma nyingine, usichanganye, na wasikimbilie Scotland maana huko sheria hiyo haifiki). Baba kwenye wosia aache ulezi kwa binamu. Wanadanganya umri makusudi, huo ndo mlango wao wa kutokea. Sasa wakipendana kweli mlango umegeuka shimo, binamu akijua anawamaliza, na mtoto akizaliwa hapo harithi cheo.

msoma_usiku: Uwiii 😭 nampunguza miaka minne usiku huu huu. Ila akifikisha 21 si wanaweza kufunga tena kimyakimya?

kalamu_butu: Wanaweza, ila kanisani kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, labda wapate leseni maalum ya askofu mkuu wa Canterbury, hiyo popote saa yoyote.

msoma_usiku: Na kama mimba ishaingia?

mama_wa_tatu: Basi wawahi kufunga mwanangu, muhimu ndoa imtangulie mtoto, hata kwa siku moja 😂