Injini ya Valkyrie ikiwa anga za juu inavuta hewa gani?

kijana_wa_ruta

Wakuu salama? Mi na binamu yangu tunabishana siku ya tatu leo na mama mdogo kashasema tukiendelea anachomoa ruta. Ni hivi, tunaangalia Macross, ile ya mwanzo kabisa ya 1982, kuna ile ndege vita VF-1 Valkyrie inayogeuka roboti. Kwenye umbo hatuna ugomvi, ugomvi uko kwenye injini. Ina midomo miwili ya kuvuta hewa kama jeti yoyote, wenyewe wanaiita turbaini kabisa, afu kipande kinachofuata unaikuta iko anga za juu inakata kona kama mbayuwayu. Hewa inaitoa wapi kule? Binamu anasema inatumia Protoculture ndo mafuta yake, mi nimeangalia mpaka macho mekundu sijasikia mtu anajaza Protoculture kwenye ndege. La pili ni la kwake yeye, yuko gereji ya malori kwahiyo anajiona injinia, anasema ndege yenye bawaba zote zile, mikono, miguu, kichwa, ingekuwa nzito isingenyanyuka hata ukiipa uwanja wa kilomita kumi. Mwenye kujua atusaidie, na namba ziwepo maana huyu jamaa maneno matupu hayamuingii.

babu_turbaini

Binamu yako kaangalia Robotech huyo, hajaangalia Macross. Robotech ni ya Marekani 1985, walichukua katuni tatu za Kijapani ambazo hazihusiani kabisa wakazishona ziwe hadithi moja, maneno wakayaandika upya, na humo ndo Protoculture ikawa nishati ya kuendeshea mitambo. Kwenye Macross yenyewe Protoculture ni watu, ustaarabu wa zamani sana uliowatengeneza wale majitu Zentradi. Sasa ukisema ndege inatembea kwa Protoculture kwa Mjapani ni kama umesema basi linatembea kwa Wamisri wa kale.

Haya tuje kwenye injini. Jeti ya kawaida inavuta hewa kwa sababu mbili na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni oksijeni ya kuchomea mafuta. Ya pili, na hii ndo kubwa, hewa yenyewe ndo kitu kinachotupwa nyuma ili ndege iende mbele. Ukitupa kitu nyuma kwa nguvu unasukumwa mbele, basi, hakuna uchawi. Sasa VF-1 kwenye hadithi ina injini mbili zinaitwa FF-2001, ndani yake kuna reakta ndogo ya kuunganisha viini vya atomi, ujuzi waliouchokonoa kwenye ile meli ya wageni iliyoanguka kisiwani 1999. Reakta haichomi chochote, kwahiyo oksijeni haina kazi nayo. Inachofanya ni kuipasha hewa moto mkali sana, hewa inatanuka inatoka nyuma kwa fujo. Fikiria birika, maji hayaungui ila mvuke unanyanyua kifuniko.

Kwahiyo ikiwa duniani hewa ni ya bure, inavuta inapasha inatupa, inaweza kuruka muda mrefu ajabu. Ikifika anga za juu moto bado upo tele ila cha kutupa hakuna, inabidi ubebe mwenyewe kwenye tanki. Na tanki la VF-1 ni dogo. Hapo ndo utaelewa kwanini baadaye wanaifunga yale makopo makubwa mgongoni na miguuni, FAST Pack, ikishafungwa inaitwa Super Valkyrie. Watu wanadhani ni urembo wa kuuzia midoli (na ni kweli iliuza) ila kazi yake kubwa ni kubeba cha kutupa nyuma, na injini za ziada, na makombora kidogo juu yake. Na midomo ile ya hewa ikiwa nje ya dunia inafungwa na vifuniko, angalia vizuri utaviona.

Tena msidhani wazo la kupasha hewa kwa nyuklia limetoka kwenye katuni. Wamarekani walilijaribu kweli miaka ya 50, injini za jeti zilizopashwa na reakta ziliwashwa zikiwa zimefungwa chini kule Idaho, na kulikuwa na ndege moja kubwa jamii ya B-36 iliyorushwa mara 47 ikiwa imebeba reakta tumboni, ila ile reakta haikuisukuma ndege, walikuwa wanapima mionzi tu. Marubani walikaa kwenye chumba kilichozungushiwa risasi na mpira tani kama 11. Risasi ya madini hiyo, sio ya bunduki. Mradi ukafutwa 1961. Ile ilikuwa nyuklia ya kupasua atomi, chafu, ndo maana uzito wote ule. Macross wakaruka hilo shimo kwa kusema yetu ni ya kuunganisha na tumeipata kwa wageni.

gereji_ndo_shule

Binamu mwenyewe nimefika. Sawa ya Protoculture nimekubali, nilikuwa mdogo nilipoangalia. Birika nimelielewa pia. Ila uzito hamjajibu. Mi nafungua difu kila siku najua chuma kinavyokula uzito, pini moja ya bawaba ya tela unaibeba na watu wawili. Huyu mdudu ana goti, kiuno, bega, kiwiko, na kila kiungo kinabeba ndege nzima ikitua. Nipeni kilo.

dada_rivet

Kilo hizi hapa, na zitakukera zaidi. VF-1 kwa takwimu zake rasmi ikiwa tupu ni tani 13.25. Ndege waliyoinakili umbo ni F-14 ya jeshi la maji la Marekani, ile ya mabawa yanayofunguka na kufunga, na F-14A ikiwa tupu ni kama tani 18. Umeona? Yenye mikono na miguu ni nyepesi kuliko isiyo nayo. Kidogo inasaidia kwamba ni fupi, mita 14.23 na F-14 ni mita 19 na kitu, ila bado haiingii akilini kwa chuma cha kawaida, hapo binamu uko sahihi na sikupingi.

Upande wa nguvu sasa. Kila injini ya VF-1 inasukuma kilo 11,500, mbili ni 23,000, kwa mwili wa tani 13. F-14A injini zake mbili kwa pamoja zinafika kama tani 19 na hapo imekanyaga mafuta yote, na tumboni inabeba zaidi ya tani 7 za mafuta yenyewe. VF-1 mzigo huo haina, reakta yake inakula kidogo sana. Kwahiyo suala la kunyanyuka lisikusumbue, inanyanyuka bila hata uwanja.

Sasa nguvu ya vile viungo. Wanasema bodi yake ni deraya ya nishati, umeme wa ziada kutoka kwenye injini unapitishwa kwenye ngozi ya ndege na ngozi inakuwa ngumu kuliko ilivyo. Ndo maana bati lake linaweza kuwa jembamba. Na hapa kuna kitu nakipenda sana, wameweka hesabu ya kubana matumizi. Ikiwa ndege injini inatumia nguvu zote kusukuma, hakuna umeme wa kubaki, deraya inakuwa hafifu. Ikisimama kama roboti injini haina kazi kubwa ya kusukuma, umeme unaenda kwenye ngozi, inakuwa kama kifaru. Yaani ukigeuka unabadilisha spidi kwa ugumu. Siku hizi kwenye VF-25 ya Macross Frontier ya 2008 wameshaboresha mpaka inapata deraya kidogo hata ikiwa ndege.

Na angalia walivyotumia umbo la F-14, sio bahati. F-14 injini zake mbili zimekaa mbali mbali, katikati chini ya tumbo kuna uwazi mpana. Shoji Kawamori aliyeichora VF-1 akaona zile injini mbili ndo miguu tayari, mdomo wa kutolea moto ndo unyayo. Mikono inalala kwenye ule uwazi wa katikati, na bunduki inaning'inia chini yake. Ikigeuka miguu inashuka inakuja mbele inashika ubavu wa pua, pua inaelekea chini inaishia katikati ya mapaja (ndio, najua, tumecheka wote), mkia unajikunja mgongoni kama begi la shule, mabawa yanajikunja nyuma, kichwa kinatoka kwenye tumbo, na kioo cha rubani kinafunikwa na ngao. Chini ya sekunde 5 imesimama mita 12.68.

mzee_wa_leza

Dada_rivet kamaliza ila kasahau kutambua aina za VF-1 kwa kichwa, unahesabu leza zilizoko kichwani. Leza moja ni VF-1A, ya kina yakhe. Mbili ni J, na ile D ya viti viwili ambayo Hikaru, mhusika mkuu, anaangukia nayo mjini siku ya kwanza maskini hata gia haijui. Nne ni S, ya mkubwa wa kikosi, ndo ya Roy Fokker yenye fuvu. Lile fuvu na mifupa wameiga kikosi cha kweli cha F-14, VF-84.

Mi langu ni bunduki, GU-11. Milimita 55, mitutu mitatu inazunguka, risasi 200, kasi 1,200 kwa dakika. Gawanya uone, ukishika kitufe zimekwisha ndani ya sekunde 10. Nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza nikasema katuni hii uongo mtupu, nani anaenda vitani na sekunde 10, afu nikaenda kuangalia F-14 ya kweli, bunduki ya milimita 20, risasi 675 hivi, ikipiga 6,000 kwa dakika hazifiki hata sekunde 7. Kwahiyo Wajapani walikuwa wakarimu. Kilichonishinda ni Max, yule rubani hodari, huyo risasi zake hazihesabiki na wala haendi kujaza.

gereji_ndo_shule

Mnanipa namba nzuri lakini kwanini igeuke? Jeti inakimbia, kifaru kinapigana, tengeneza viwili, rahisi kutengeneza, rahisi kurekebisha.

dada_rivet

Kwenye hadithi jibu ni urefu wa adui. Zentradi wana kama mita 10. Binadamu walishajua hilo kutokana na ile meli iliyoanguka, milango, viti, kila kitu cha majitu. Wakasema siku wenyewe wakija tutapigana nao ndani ya korido zao, unaingiaje na jeti kwenye korido? Unahitaji kitu cha kukimbia hadi pale kisha kiingie kwa miguu. Kwa katuni za roboti za wakati ule hiyo ni sababu nzuri mno, wengi hawakujisumbua kutoa hata moja.

Jibu la pili ni duka la midoli, tusidanganyane. Kawamori anajulikana kwa kujaribu maumbo yake kwa matofali ya LEGO kwanza mpaka yageuke kweli mkononi, na kampuni ya midoli ya Takatoku walitoa mdoli wa VF-1 wa kipimo cha 1/55 unaogeuka kabisa bila kuchomoa vipande. Mdoli huo huo Hasbro waliuchukua 1985 wakauuza kama Jetfire wa Transformers, kwahiyo wapo watu wana Valkyrie ndani kwao na hawajui. Mi niliwahi kuagiza wa kuigiza, wa bei ya kutupa, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, umefika bega limeshapasuka ndani ya boksi, nikaligundisha, sasa hivi unageuka mpaka katikati tu. Nauita Gerwalk wa kudumu.

kijana_wa_ruta

Hahaha. Na hiyo Gerwalk yenyewe ya nini, ile ndege yenye miguu ya kuku?

babu_turbaini

Jina ni herufi za mwanzo za maneno mengi ya Kiingereza waliyoyalazimisha yakae pamoja, usihangaike nalo. Kazi yake ndo nzuri. Miguu ni injini, si ndio? Ukiikunja ikaelekea chini moto unatoka chini, ndege inaelea, inatua popote, inarudi nyuma, inafunga breki ghafla. Harrier ya Waingereza inafanya hivyo hivyo kwa injini moja na midomo minne inayozunguka. Kwangu mimi modi hii ya katikati ndo uvumbuzi mkubwa kuliko roboti yenyewe, maana roboti zilikuwepo na ndege zilikuwepo, kuku hakuwepo.

Ila jambo ambalo VF-1 haikulitatua ni rubani. Mashine inaweza kona ambayo mwili wa mtu hauiwezi. Macross Plus ya 1994 imejengwa juu ya hilo, ndege mbili za majaribio, YF-19 na YF-21, zinashindania zabuni, afu inakuja Ghost X-9 isiyo na mtu ndani, na Guld, rubani wa YF-21, ili aifikie anaondoa kizuizi cha spidi, anaipata, na mwili wake unapondwa na uzito wa kona zake mwenyewe. Ukifika VF-25 wameweka kifaa cha kumeza ule mgandamizo na kuutoa taratibu baadaye, kama mkopo.

gereji_ndo_shule

Mkopo unalipika bana. Swali langu la mwisho nikalale. Hiyo kuku wenu, moto unapuliza chini, vumbi linapanda, na midomo ya kuvuta hewa iko hapo hapo juu ya mapaja. Inavuta vumbi lake yenyewe. Chujio la hewa nani anasafisha?

dada_rivet

…Harrier nayo ina hiyo shida, inavuta moto wake na takataka za chini ikitua vibaya. Kwenye Macross sijaona hata fundi mmoja ameshika ufagio.

gereji_ndo_shule

Ndo nilichokuwa nasema tangu juzi.