Mrejesho: Kusoma kwa sauti kumeninyoosha kalamu

Ndugu zangu, mwezi Machi niliwaeleza kwamba nilikuwa na hadithi fupi saba zilizoanzwa bila hata moja kukamilika, na kwamba kila niliposoma nilichoandika nilihisi ni sauti ya mtu mwingine. Ninawashukuru kwa dhati kwa ushauri wenu.

Tangu wakati huo ninaamka saa kumi na moja alfajiri na kujaza ukurasa mmoja wa daftari, bila kufuta neno, kabla sijashika simu. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Baadaye mkono ulizoea.

Hata hivyo, lililonifaa zaidi ni kusoma kwa sauti. Nilikuwa nimeandika: "Ilikuwa ni majira ya asubuhi ambapo mama yangu alikuwa akijishughulisha na shughuli ya upikaji wa vitumbua." Ulimi ulikwama, nikatambua kwamba nilikuwa ninaiga lugha ya taarifa za ofisini, ilhali kitenzi cha Kiswahili chenyewe hubeba mtendaji na wakati. Sasa inasomeka: "Asubuhi ile mama alichoma vitumbua," na nikiisoma ninasikia kabisa mafuta yakichacharika.

Hadithi mbili zimekamilika. Ya kwanza nilimsomea dada yangu, ambaye alinikatiza na kuuliza yule mtoto wa jirani alikwenda wapi, kwa kuwa nilimwacha jikoni na sikumtaja tena. Sehemu hiyo nimeiandika upya. Ya pili nitaipeleka wiki ijayo kwa mwalimu aliyenifundisha fasihi sekondari.