Naomba ushauri: kikatizo cha kipima maji kinagandisha mashine kila nikiwasha draiva yangu

Mwana wa Mkomani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Lamu, na kwa miezi mitatu sasa ninatengeneza kipimo cha kina cha maji cha kufungwa kwenye nguzo ya gati, ili manahodha wanaopita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, waone kwenye simu maji yamefika wapi kabla hawajang'oa nanga, hasa siku za bamvua ambapo maji hukupwa mbali sana.

Kihisi changu hupima presha ya maji mara 25 kwa sekunde na kuweka vipimo katika foleni yake ya ndani yenye nafasi 32. Foleni ikifika nusu, yaani vipimo 16, kihisi hushusha waya mmoja hadi volti sifuri na kuuacha chini mpaka foleni isomwe. Waya huo nimeuunganisha na pini ya bodi ya Raspberry Pi Zero ili uwe kikatizo, yaani ishara ya kuifanya prosesa iache kazi yake kwa muda na kushughulikia kifaa, na vipimo vyenyewe husomwa kwa I2C, njia ya nyaya mbili ya kuwasiliana na vifaa, yenye kasi ya kilohezi 100. Draiva ya Linux, yaani programu inayoendesha kihisi, nimeiandika mwenyewe kama moduli, kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, kiini cha mfumo.

Nimejaribu njia tatu na zote zimenishinda. Kwanza, nilisoma kihisi moja kwa moja ndani ya funksheni ya kikatizo, na kerneli ikatoa ujumbe wa "scheduling while atomic" kabla ya mashine kuanguka. Pili, nilihamishia usomaji kwenye foleni ya kazi, ambayo kerneli huifanya baadaye, kwa schedule_work, na funksheni ya kikatizo ikawa inarudisha IRQ_HANDLED tu. Mashine iliganda papo hapo, hata kibodi haikuitika. Tatu, niliita disable_irq, ya kuzima kikatizo, ndani ya funksheni hiyohiyo, nikidhani nitafunga mlango mpaka kazi iishe, na mashine ikaganda tena bila kuacha ujumbe wowote. Naomba anayejua anieleze ninakosea wapi, maana nataka kuelewa sababu na siyo kunakili tu mistari ya mtu mwingine.

Fundi Mokowe

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa ninavyoona, shida yako imo katika kusajili kikatizo kwa kiwango, yaani IRQF_TRIGGER_LOW, ambapo prosesa hukatizwa muda wote waya ukiwa chini. Sajili kwa ukingo, IRQF_TRIGGER_FALLING, ili ukatizwe mara moja tu pale waya unaposhuka. Foleni yako ya kazi itapata nafasi ya kukimbia na mashine haitaganda.

Bi wa Langoni

Naomba nitofautiane na Fundi kwa heshima, kwa sababu njia hiyo itaondoa kuganda na kuleta ugonjwa mbaya zaidi, ambao hauonekani. Chukua siku ambayo mashine ina kazi nyingi na usomaji ukachelewa. Unasoma vipimo 16, lakini wakati unasoma vingine vimeingia, na foleni ya kihisi haikushuka chini ya nusu hata mara moja. Waya basi haukupanda, na kwa kuwa haukupanda hauwezi kushuka upya, na pasipo kushuka hakuna ukingo wala kikatizo. Draiva itakaa kimya milele ikisubiri hodi ambayo haitapigwa tena, na nahodha ataendelea kuona kina cha jana. Anayetumia ukingo analazimika kusoma, kisha kuiangalia tena rejista ya hali, yaani sehemu ya kihisi inayoonyesha hali ya foleni yake, na kurudia mpaka ahakikishe waya umepanda. Kihisi hiki kimeundwa kwa kiwango, na ni salama zaidi kukifuata kilivyoundwa.

Sasa turudi kwenye makosa yako matatu, kaka, maana kila moja lina somo lake.

Kwetu mgeni hupokewa dakani kwanza: huitikiwa hodi, hukaribishwa kitako barazani, na mwenye nyumba hurudi ndani kuandaa. Funksheni ya kikatizo ndiyo daka, na kazi yake ni kumtambua mgeni na kumwitikia, basi. Mapishi hayafanyiki pale. Prosesa inapokatizwa, iliacha kazi ya mtu mwingine katikati, na funksheni yako inakimbia bila kuwa na mchakato wake wenyewe ambao kerneli ingeweza kuulaza na kuuamsha baadaye. Usomaji wa I2C hulala. Piga hesabu: vipimo 16 vya baiti 3 ni baiti 48, na kila baiti huchukua mipigo 9 ya saa ya I2C pamoja na ule wa kuitikia, kwa hiyo ni mipigo 432, yaani zaidi ya milisekunde 4 kwa kilohezi 100. Draiva ya I2C haizunguki bure muda wote huo, bali hulala ikisubiri kikatizo cha kidhibiti chake. Ndiyo maana kerneli ilikukemea katika jaribio la kwanza, na ilikuwa na haki.

Katika jaribio la pili uliondoa mapishi dakani, lakini hukumnyamazisha mgeni. Funksheni yako iliporudi waya ulikuwa bado uko chini, kwa kuwa hakuna aliyesoma foleni ya kihisi, na prosesa ikakatizwa tena papo hapo, na tena, na tena. Kwenye bodi yenye kiini kimoja cha prosesa, foleni ya kazi haikupata hata nafasi ya kuanza. Kerneli ina kinga dhidi ya hali hii: katika kila vikatizo 100,000 vya laini moja, yaani njia moja ya kikatizo, ikiona zaidi ya 99,900 havikushughulikiwa na yeyote, huifunga laini hiyo na kuandika "nobody cared". Kinga hiyo haikukusaidia kwa sababu kila mara uliiambia IRQ_HANDLED, yaani nimeshughulikia, ilhali hukushughulikia kitu. Jibu hilo lirudishwe pale tu ambapo ni kweli, hasa kama laini inatumiwa na vifaa viwili kwa IRQF_SHARED. Huko, ikiwa kifaa ambacho si chako ndicho kilichobisha, rudisha IRQ_NONE, yaani si changu.

La tatu ni mtego uliowanasa wengi. disable_irq hufunga laini, kisha husubiri funksheni yoyote ya laini hiyo inayokimbia imalize. Wewe uliiita ukiwa ndani ya funksheni hiyohiyo, kwa hiyo ilikuwa inakungoja wewe, na wewe unaingoja yenyewe. Ya kuitwa pale ni disable_irq_nosync, ambayo haisubiri.

Hata hivyo usihangaike nayo. Tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009 kuna request_threaded_irq, na hali yako ndiyo hasa iliyokusudiwa:

request_threaded_irq(irq, NULL, soma_kihisi, IRQF_TRIGGER_LOW | IRQF_ONESHOT, "kipimamaji", kifaa);

NULL hapo maana yake ni kwamba huna la kufanya dakani, na kerneli itaweka funksheni yake fupi ya kuamsha uzi, yaani mkondo wa kazi unaojitegemea. soma_kihisi itakimbia katika uzi wa kerneli, ambako kulala kunaruhusiwa, kwa hiyo I2C haina tatizo. IRQF_ONESHOT ndilo jambo ulilokuwa ukilitafuta katika jaribio la tatu: laini hubaki imezibwa mpaka uzi umalize kazi, na hapo tu hufunguliwa. Ukiweka NULL bila alama hiyo, kerneli kwa kawaida itakataa usajili na kurudisha -EINVAL, kwa sababu inajua utaganda.

Fundi Mokowe

Nimekubali, dada. Sikuwa nimelifikiria suala la waya ambao haupandi kabisa. Nina draiva ya kipima mafuta iliyosajiliwa kwa ukingo, na huwa inanyamaza mara moja kwa wiki mbili au tatu. Leo nimejua pa kuanzia.

Mwana wa Mkomani

Dada, Mungu akujaze kheri. Nimefuata ulivyoeleza na mashine imewaka bila kuganda. Nina maswali mawili. La kwanza, programu yangu inasoma vipimo kupitia funksheni ya read ya draiva, na nilikuwa ninalinda kumbukumbu ya pamoja kwa spinloki, kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka bila kulala, je, niiache? La pili, nikiondoa moduli kwa amri ya rmmod, mara moja kati ya kumi hivi kerneli huanguka.

Mzee wa Matondoni

Mwanangu, la kwanza ni jepesi. Maadamu kumbukumbu hiyo inaguswa na uzi na read peke yao, tumia muteksi, kufuli ambalo anayelisubiri hulala, kwa kuwa pande zote mbili zinaruhusiwa kulala. Spinloki ingekuwa lazima kama funksheni ya dakani nayo ingeigusa, na hapo read ingeishika kwa spin_lock_irqsave, yenye kuzima vikatizo vya prosesa ile. Ukiishika kwa spin_lock tupu na kikatizo kikaingia katikati, funksheni ya kikatizo itazunguka ikisubiri kufuli lililoshikwa na mchakato ambao imeukatiza yenyewe. Wala usiite copy_to_user, ya kunakili data kwenda kwa programu, ukiwa umeshika spinloki, kwa sababu huenda ikalala.

La pili nililisubiri uliulize. Nadhani unatumia devm_request_threaded_irq, na umeiita mapema katika probe, funksheni ya draiva ya kuanzisha kifaa, kabla ya kuomba kumbukumbu ya vipimo kwa devm_kzalloc. Vitu vya devm, yaani vile ambavyo kerneli huviachilia yenyewe draiva ikiondoka, huachiliwa kinyumenyume cha mpangilio ulioviomba. Kilichoombwa mwisho huondoka kwanza, kwa hiyo kumbukumbu yako inarudishwa wakati kikatizo bado kiko hai, na vipimo 16 vikijaa katika mwanya huo uzi utaandika mahali ambapo si pako tena. Omba kumbukumbu kwanza, anzisha muteksi, andaa kila kitu ambacho uzi utakigusa, na kikatizo kiwe cha mwisho kabisa. Kosa hilo lina pacha wake upande wa kuwasha pia: kifaa kilichobaki na vipimo tangu awali kinaweza kubisha hodi papo hapo ukisajili, kabla ya mstari unaofuata.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu nimeona mengi yakifia kwenye gati: waya wa kikatizo uwe na rezista ya kuuvuta juu, na viungio uvizibe vizuri. Chumvi ikila kiungio, waya unaelea, na utapata vikatizo ambavyo hakuna aliyevituma.

Mwana wa Mkomani

Ndivyo ilivyokuwa, mzee wangu. Kikatizo nilikisajili katika mstari wa tatu wa probe. Nimekishusha hadi mwisho, nikaiondoa na kuirudisha moduli mara 200 kwa skripti, na haikuanguka hata mara moja.

Leo alfajiri nimekifunga kipimo kwenye nguzo. Vipimo 25 kwa sekunde, kikatizo kimoja kwa kila vipimo 16, ni vikatizo 5,625 kwa saa. Nilisoma /proc/interrupts, faili ambamo kerneli huhesabu vikatizo, maji yakianza kujaa, nikakaa barazani saa nzima, nikasoma tena: vimeongezeka 5,611.

Bi wa Langoni

Upungufu huo wa 14 usikutie wasiwasi, kaka. Ni robo ya asilimia moja, na kihisi hupima kwa saa yake ya ndani ambayo hailingani sawasawa na ya bodi. Tazama tu kama rejista ya hali inaonyesha foleni ya kihisi kufurika. Ikiwa ni sifuri, hakuna kipimo kilichopotea.

Mwana wa Mkomani

Nimetazama sasa hivi. Ni sifuri.