Macross, Robotech, Jetfire: nani ana haki ya nini, na mkusanyaji wa Marekani au Ulaya anunue toleo gani?

Bawa_Geugeu aliuliza:

Wakuu, nina maswali matatu kwa niaba ya yeyote anayekusanya vitu vya Macross, katuni ya Kijapani ya ndege zinazogeuka roboti, akiwa Marekani au Ulaya.

Ndege ni ileile, VF-1, lakini masanduku yana majina matatu: Macross, Robotech, na Jetfire wa Transformers. Zote ni halali, au kuna feki humo?

Pili, mfululizo wa kwanza wa 1982, vipindi vyote 36, sauti ya Kijapani, bila kukatwa. Atafute diski gani, na aliye Uingereza ataichezesha kwenye nini?

Tatu, Jetfire ya 1985 inayotangazwa mnadani kuwa "kamili". Kwenye picha akague wapi kabla ya kutoa pesa? Na kama imegeuka manjano, je, husafishika?

Naomba majina ya sehemu na vipimo. "Inategemea" tumeshaisikia ya kutosha.

---

Mstari_Mdogo alijibu:

Zote tatu ni halali, na sababu yake iko kwenye mikataba.

Tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvitia kapu moja: filamu yenyewe, michoro ya wahusika na mashine, na jina la biashara. Macross ni kazi ya kampuni mbili za Kijapani, Studio Nue (wabunifu) na Big West (wakala wa matangazo). Tatsunoko, studio ya katuni, waliingia kwenye uzalishaji, wakapata haki ya kuiuza nje ya Japani, kisha wakaipa leseni kampuni ya Marekani, Harmony Gold. Vituo vya televisheni vya Marekani vilivyorusha katuni kila siku ya kazi vilitaka vipindi 65, yaani wiki 13 za siku tano. Macross ilikuwa na 36 tu. Carl Macek, mtayarishaji wa Harmony Gold, akaiunganisha na mifululizo miwili isiyohusiana nayo hata kidogo, Southern Cross na Mospeada, ikatoka Robotech ya vipindi 85 mwaka 1985. Jina la Robotech lilikuwa tayari mikononi mwa Revell, waliolitumia kwenye modeli zao za kuunga.

Miaka ya baadaye pande zile zikafikishana mahakamani Tokyo. Mwaka 2002 michoro ikaamuliwa kuwa ya Big West na Studio Nue. Mwaka 2003 filamu ya mfululizo ule ikaamuliwa kuwa ya Tatsunoko. Wakati huo alama ya biashara ya "Macross" nchini Marekani iko kwa Harmony Gold. Mwenye hadithi mpya hana jina, mwenye jina hana hadithi mpya. Kwa hiyo miendelezo kama Macross 7, Zero, Frontier na Delta ilikaa miaka mingi bila toleo rasmi Marekani, ilhali Macross II na Macross Plus, zilizopata leseni mapema katika miaka ya 1990, zilikuwa madukani kama kawaida.

Fundo lilifunguliwa Aprili 2021, Big West na Harmony Gold walipotangaza makubaliano. Miendelezo mingi ikaruhusiwa kutoka duniani kote, na Harmony Gold ikathibitishiwa haki yake, nje ya Japani, juu ya wahusika na mashine 41 za mfululizo wa kwanza. Mwaka 2024 Disney+ wakaanza kuonyesha miendelezo hiyo. Ukiona mfululizo wa kwanza unafuata njia yake peke yake, jibu liko kwenye hizo 41.

Sasa kwa mnunuzi: geuza sanduku, soma mstari wa hakimiliki chini kabisa. Ukisema ©1982 BIGWEST, bidhaa ilitengenezwa chini ya leseni ya Kijapani. Ukitaja Harmony Gold na Tatsunoko, ni leseni ya Robotech. VF-1 inaweza kutoka kihalali kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Sanduku la kisasa lisilo na mstari wowote, au mstari uliochapwa ukungu kama umepigwa fotokopi, liache lilipo.

Jetfire ana njia ya tatu. Mwanasesere wa VF-1 wa skeli ya 1/55 alitengenezwa na Takatoku, kampuni ya Kijapani. Takatoku wakafilisika 1984, kalibu zikaishia kwa Bandai, na Hasbro, waliouza Transformers Marekani, wakapata mwanasesere wao humo. Takara, waliouza Transformers Japani, walikuwa washindani wa Bandai, hivyo Jetfire hakuuzwa kwao. Na kwenye katuni akabadilishwa umbo na kuitwa Skyfire ili kukwepa mgogoro. Baadhi ya Jetfire za mwanzo bado zina alama ya UN Spacy, jeshi la ndani ya Macross. Muuzaji asikutishe kuwa ni feki, wala asikupandishie bei kana kwamba ipo moja tu duniani.

---

Ukanda_A alijibu:

Swali la diski.

Toleo la kutafuta ni la AnimEigo, lililotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000: DVD 9, vipindi 36, Kijapani chenye manukuu ya Kiingereza, picha imesafishwa. Mwaka 2006 ADV wakatoa lao lenye dabu mpya ya Kiingereza, na Mari Iijima, mwimbaji aliyemwigiza Minmay kwa Kijapani, akamwigiza tena mhusika yuleyule kwa Kiingereza. ADV walifunga 2009, na leo yote mawili hupatikana mkono wa pili tu. Kwa anachotaka muulizaji, AnimEigo inatosha. Ya ADV ni ya anayetaka kumsikia Iijima.

DVD za Marekani kwa kawaida ni za ukanda wa 1, yaani namba ya eneo ambayo pleya huikagua kabla ya kucheza, basi soma alama ya ukanda kwenye sanduku. Uingereza ni ukanda wa 2. Pleya ya kawaida ya huko itazikataa diski za ukanda wa 1, na suluhisho ni pleya ya kanda zote. Nyingi za bei nafuu hufunguliwa kwa namba ya siri inayoingizwa kwa rimoti, basi tafuta namba hiyo kwa modeli kamili iliyoandikwa mgongoni mwa pleya, si kwa jina la kampuni tu. Ukitumia DVD ya kompyuta, kumbuka kifaa kinaruhusu kubadili ukanda mara tano tu. Mara ya tano ndiyo ya mwisho, kinabaki hapo milele. Usichezee mipangilio kwa majaribio.

Watu huogopa bure NTSC, mfumo wa picha wa Marekani na Japani. Televisheni za Ulaya za leo huipokea bila shida. Kasoro halisi ni ya upande mwingine: DVD za zamani za PAL, mfumo wa Ulaya. Picha za fremu 24 kwa sekunde zilikimbizwa hadi 25, yaani asilimia 4 zaidi. Kipindi cha dakika 24 kinaisha kwa dakika 23 na ushei, na sauti ikiachwa bila kusahihishwa inapanda. Kwa Macross, ambamo nyimbo ni nusu ya hadithi, sikio litagundua.

Blu-ray ni ramani nyingine kabisa. Marekani na Japani zote ni A, Ulaya ni B. Aliye Marekani anaweza kuagiza Blu-ray ya Japani ikacheza moja kwa moja, lakini asome orodha ya manukuu kwanza, maana nyingi hazina Kiingereza. Diski za 4K hazina ukanda, ila Blu-ray ya kawaida inayofungashwa nayo sanduku moja inaweza kuwa nao.

Ukinunua mkono wa pili, omba picha ya upande wa chini wa kila diski, moja moja, na ya tundu la katikati. Nyufa huanzia kwenye tundu, kwa sababu mtu anaing'oa diski huku kishikizo kimeibana. Mkwaruzo mwepesi si neno. Ufa hautibiki.

---

Bisibisi_JIS alijibu:

Jetfire, kwa mpangilio ambao mimi ningedai picha.

Kichwa: kuna barakoa inayovaliwa juu yake. Ni ndogo, hupotea kuliko kitu kingine chochote. Mgongoni: roketi mbili kubwa nyekundu, ziwe zote mbili. Deraya nyekundu za mikono na za miguu: hesabu kushoto na kulia, na omba kila kipande kipigwe picha kikiwa kimevuliwa, kwa sababu klipu iliyovunjika haionekani ikiwa imevalishwa. Bunduki nayo. Neno "kamili" mnadani mara nyingi humaanisha ndege bila deraya, na deraya zinunuliwazo kipande kimoja kimoja hufika bei ya mwanasesere mzima.

Halafu mwili. Omba picha za maumbo yote matatu: ndege, nusu-roboti, roboti. Mbili hazitoshi. Muuzaji akikwepa umbo moja, kuna kiungo hakishiki. Mabawa yafunguliwe na kufungwa, magurudumu yote matatu yatolewe nje. Kwenye sehemu za chuma angalia unga mweupe au malengelenge chini ya rangi. Kutu ya zinki haitulizwi kwa mafuta.

Manjano: ABS nyeupe, plastiki ya mwanasesere, ikipigwa na UV (miale ya jua isiyoonekana) na joto, butadieni iliyomo ndani yake huoksidika. Weupe hurudishwa kwa peroksaidi ya haidrojeni. Krimu ya nywele ya asilimia 12 hutosha. Fungua mwanasesere kabisa, toa skrubu, springi na chuma chote, kwa kuwa peroksaidi huvila. Toa stika au usiguse kipande chenye nembo iliyochapwa, maana wino hufifia. Paka krimu nene, funga kwa nailoni ya jikoni isiyo na mapovu ya hewa, weka chini ya taa ya UV, na kila saa moja fungua, isambaze upya, geuza. Glavu na miwani ni lazima. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: krimu inakauka upande mmoja, kipande kinabaki na mabaka meupe kama marumaru, na mabaka hayo ni vigumu kuyafuta. Kosa la pili ni joto. Jua kali juu ya nailoni hupinda bawa jembamba.

Bisibisi: skrubu za Kijapani hukatwa kwa kipimo cha JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya Phillips, ya msalaba wa kawaida, huonekana kuingia, kumbe inagusa juu tu na kuteleza, skrubu inaliwa kichwa. Tumia bisibisi ya JIS. Ukirudisha, zungusha kwanza kinyume hadi usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiikaza moja kwa moja itachonga njia mpya, na plastiki ya umri huu itapasuka.

---

Mstari_Mdogo alijibu:

Nakubali yote ya Bisibisi isipokuwa moja: Jetfire ambayo manjano yake yamelingana mwili mzima ningeiacha hivyo hivyo. Peroksaidi haiondoi sababu. Manjano hurudi hata kabatini gizani, na kila duru huacha uso wa plastiki ukiwa dhaifu zaidi. Isitoshe, mnunuzi mzoefu anaijua ABS iliyopaushwa. Paka krimu pale tu bawa moja limegeuka na lingine bado jeupe.

---

Bawa_Geugeu aliuliza tena:

Shukrani wakuu. Kama mtu ataruka Jetfire na kununua VF-1 ya kisasa kutoka Japani, ukubwa gani, na mzigo wenyewe unapigiwaje hesabu?

---

Kilo_za_Ujazo alijibu:

Urefu wa VF-1 ndani ya hadithi ni mita 14.23 ikiwa ndege. Gawanya: 1/48 inatoa sentimita 29.6, 1/60 inatoa 23.7, 1/72 inatoa 19.8. DX Chogokin ya Bandai iliyoanza 2019 ni 1/48, na zile za Yamato kisha Arcadia hupatikana zaidi kwa 1/60. Amua kabla hujanunua ya kwanza. VF-25 ya Frontier ina mita 18.72, hivyo hata kwa 1/60 inafika sentimita 31, na ukiiweka karibu na VF-1 ya 1/48 rafu inasema uongo: zinaonekana karibu sawa. Chagua skeli moja ushikamane nayo.

Kwenye maduka ya Kijapani ya mkono wa pili, alama hutolewa mara mbili, ya kitu na ya sanduku. AmiAmi wanaziandika wazi, mfano kitu A, sanduku B. Kama huuzi tena, sanduku B ni punguzo la bure. Ila kitu kikishuka chini ya B, soma maelezo neno kwa neno, hasa kuhusu kulegea kwa nyonga na mabega. Pini ya chuma iliyopigiliwa kwenye plastiki huipasua taratibu, na kwenye bega ufa huanza kama uzi mweupe.

Usafiri: kampuni za kasi hulipisha uzito au ujazo, wowote ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Sanduku la 40 × 35 × 15 ni kilo 4.2, hata kama mizani inasema 1.5. Wakala akikuunganishia masanduku mawili kwenye katoni moja kubwa iliyojaa hewa, unaweza kulipa zaidi ya ukiyatuma mbalimbali. Mwombe vipimo vya katoni kabla ya kukubali kuunganisha.

Kodi: Marekani ilikuwa ikiruhusu mizigo ya hadi dola 800 bila ushuru. Msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, hivyo miongozo ya zamani mtandaoni inakupotosha. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wake wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Kwa mizigo ya hadi euro 150 muuzaji aliyesajiliwa IOSS, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kulipia VAT ya mizigo kutoka nje, hutoza VAT wakati wa kulipa, asiyesajiliwa anakuachia uilipe mlangoni pamoja na ada ya msafirishaji. Uingereza mstari ni pauni 135: chini yake muuzaji hutoza VAT ya asilimia 20, juu yake inatozwa mzigo ukiingia.

Na usimwombe muuzaji aandike thamani ndogo. Katoni ikipotea, bima hulipa kile kilichoandikwa kwenye fomu.